Viatu vya Shangazi Mikononi mwa Fundi

Kila asubuhi, kabla hajagusa hata komeo la mlango, Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda na kuvaa viatu. Hakuvaa kama watu wengine wanavyovaa. Alichukua kijiko, akasimamisha mpini wake nyuma ya kisigino, akavuta pumzi kama anayetaka kupiga mbizi, halafu akasukuma. Mguu wa kulia ulianza maana ndio uliokuwa mkorofi. Wa kushoto ulifuata kwa kulalamika. Akimaliza alitulia kidogo, akangoja machozi yarudi yalikotoka, ndipo akafungua mlango na kuwaambia watu habari za asubuhi kwa sauti ya mtu asiye na shida duniani.

Chumba chake kilikuwa uani, karibu na tangi la maji, katika nyumba ya kaka yake mkubwa. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuiona miguu yake. Bafuni aliingia na viatu, akatoka na viatu. Watoto wa kaka yake walikuwa na ubishi wao wa siku nyingi. Mmoja alishikilia kwamba Shangazi alizaliwa navyo. Mwingine akasema hapana, alizaliwa bila miguu, wakamfungia viatu hospitali.

Ukweli ni kwamba miguu alikuwa nayo, tena ya kutosha watu wawili. Alipokuwa msichana, kaka mkubwa aliitazama mbele ya wageni akasema, "Huyu dada yetu tumtafutie mashua, makasia tayari anayo." Sebule nzima ilivunjika mbavu. Na yeye alicheka, tena alicheka kuliko wote. Lakini kesho yake alijichagulia namba ya viatu aliyoona inamfaa msichana, na namba hiyo hakuibadilisha tena. Miguu ikaendelea kukua, namba ikabaki palepale.

Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Alianza kwa kupiga pasi mashuka, akaishia kuendesha gari la kuyabeba. Leseni alikuwa nayo, safi kabisa. Lile lilikuwa gari kubwa la mizigo, pedali zake pana kama sahani, tena zimeachana kama majirani waliogombana. Hapo miguu yake haikumsumbua mtu. Hoteli ilipopata wenyewe wapya, kazi ya kufua ikapelekwa nje, na Shangazi akarudi kwa kaka mkubwa na leseni yake mfukoni. Hakuna aliyemwambia awe mpiga pasi wa nyumba. Pasi ilimfuata tu. Siku moja alinyoosha shati la kaka kwa kumwonea huruma, siku ya pili akakuta rundo juu ya meza, na rundo lile halikuwahi kuisha tena.

Alikuwa na kaka mwingine, mdogo kwake, mpiga picha, mtu mfupi na mwembamba ambaye upepo ukivuma ni lazima ashike mlango. Huyo ndiye aliyekuwa na lile gari dogo. Viti viwili tu, paa la turubai, rangi ya nyanya iliyoiva, na lilikaa chini hivi kwamba mbuzi akipita anatazamana na dereva macho kwa macho. Lilikuwa na mbio likiwa limewaka. Kuwaka ndiko kulikokuwa na maneno. Asubuhi nyingi mpiga picha alikaa kwenye usukani na Shangazi akasukuma kwa nyuma, mpaka linakohoa na kuondoka, naye anabaki katikati ya moshi akijipangusa. Alipougua na kujua hataamka, mpiga picha alisema kwa kinywa chake mbele ya wote, "Gari ni la dada. Yeye ndiye injini yake."

Kaka mkubwa hakukataa. Alikuwa msoma mita za maji, mtu wa kunyoosha mambo, na neno lake likishatoka halirudi. Akasema, "Sawa. Lakini gari si pambo. Kama unaliendesha, ni lako. Kama huliwezi, tumuuzie jirani." Jirani mwenyewe alikuwa na duka la vioo, na alitaka kuliweka mbele ya duka, livute wateja. Angekuja kulitazama Jumapili.

Kumbe Shangazi alikuwa na haja nalo kuliko walivyojua. Shoga yake wa zamani wa kule hotelini alikuwa amefungua duka la udobi katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku, na kila alipopiga simu maneno yalikuwa yaleyale: njoo tushirikiane, mashine ninazo, wateja ninao, ninachokosa ni mtu wa kuyafuata mashuka kwenye nyumba za wageni na kuyarudisha. Njoo na usafiri.

"Gari lenyewe la viti viwili," Shangazi alimwambia.

"Hata kingekuwa kimoja na nusu. Wewe ukae, mashuka yakae. Au unataka na muziki?"

Basi Shangazi akaenda kulijaribu, akiwa peke yake uani. Kuingia tu ilikuwa kama kumvisha ng'ombe soksi. Aliingiza makalio kwanza, akavuta mguu mmoja, akavuta mwingine, na chini kule akakuta pedali tatu zimebanana kama wanafunzi waliochelewa. Akawasha. Siku hiyo liliwaka mara moja, lenyewe. Akakanyaga klachi, akatia gia, likasogea. Akakanyaga breki. Kiatu kile kikakanyaga breki na mafuta kwa pamoja, na gari likanguruma mahali pamoja huku likitetemeka mwili mzima, kama mtu aliyeitwa na watu wawili asijue aende kwa nani. Alizima, akatazama kama kuna mtu dirishani.

Siku ya pili akalipeleka kwa fundi.

Fundi alikuwa na gereji nyuma ya stoo ya mbao, na watu walimwita Kobe, kwa sababu muda wote alikuwa chini ya gari na ukimwita anachomoza kichwa tu. Alizunguka lile gari mara moja, akamtazama Shangazi kuanzia juu mpaka chini, akaishia viatuni.

"Pedali," akasema.

"Pedali," Shangazi akakubali.

"Hili halina shida. Tatizo langu ni moja, mama. Mimi mteja akinisimamia siwezi kazi. Akikaa ndani ndiyo mbaya zaidi, kila dakika anasema bado, bado. Niachie viatu, uje kesho."

Fundi Kobe alikuwa na mtindo wake ambao sijui kama mafundi wengine wanao. Pedali akizirekebisha, hamkalishi mtu kwenye kiti. Anachukua viatu vya mteja, anavivaa mikononi, anajilaza chali huku kichwa kikiwa kule kwenye pedali na miguu yake ikining'inia juu ya kiti, kisha anakanyaga kwa mikono. Hivyo anaona kwa macho kiatu kinapogusa na kinapokosa.

Shangazi aliposikia aache viatu, alirudi nyuma hatua moja. Lakini nyumbani alikuwa na jozi ya pili, ya namba ileile, anayoiweka kwa ajili ya arusi na misiba. Alikwenda akabadilisha, akarudi na ile ya kila siku ndani ya mfuko. Fundi akaipokea, akaipima kwa macho, akasema, "Mbona kawaida tu," na Shangazi akafurahi kusikia neno hilo kuliko lilivyostahili.

Siku mbili nzima, waliopita gereji pale waliona viatu vyeusi vya kike, vyenye kifungo pembeni, vikitembea juu ya pedali kwa mikono ya mwanamume. Alipunguza ubavu wa breki kwa tupa. Alipinda mkono wa pedali ya mafuta, ukaegemea ukuta wa gari. Aliondoa ubao uliokuwa chini ya zulia ili kisigino kipate pa kutua, akatoboa matundu mapya kwenye reli ya kiti na kukirudisha nyuma. Kiatu cha kulia kilikanyaga breki bila hata kuisalimia pedali ya mafuta. Fundi akaridhika, akamwita mwenyewe.

"Chukua, mama. Sasa hata ukilala litakwenda."

Shangazi alilisukuma mpaka nyumbani, yeye na fundi, maana hakutaka kulijaribu njiani. Jioni ile kaka mkubwa alikuwa mlangoni, kofia ya kazi bado kichwani. "Haya," akasema, "tuone." Wifi akatoka na mwiko mkononi. Watoto wakapanda juu ya ukuta.

Shangazi akapiga moyo konde. Liliondoka vizuri, likafika karibu na geti, akakanyaga breki, na gari likapiga kelele iliyowatoa kuku wa majirani. Halikusimama. Lilikwenda taratibu na kwa heshima mpaka kwenye rundo la mchanga wa ujenzi, likaingiza pua, likazima.

Watoto wakashangilia, wakidhani ndivyo lilivyotakiwa.

Kaka mkubwa akavua kofia. "Dada, hakuna ubaya. Watu wengine ni wa magari makubwa. Jirani atakuja Jumapili kama tulivyosema."

Fundi Kobe, aliyekuja kuonja sifa zake, alipiga magoti akachungulia ndani. Alitazama pedali, akatazama viatu, akatazama pedali. "Viatu vilevile," akasema polepole. "Gari lilelile. Mimi sielewi."

Shangazi alielewa. Alielewa tangu breki ilipokataa. Kile kiatu kikiwa mikononi mwa fundi kilikuwa kitupu, kimenyooka kama kilivyotoka dukani. Kikiwa na mguu wake ndani kilifura pande zote mbili, kama mkate uliopitiliza ukingo wa chombo. Lakini maneno hayo angeyatoa vipi, mbele ya watoto ukutani na kaka mlangoni? Akayameza. Akasema, "Labda ni mchanga," na hata mwenyewe hakujua alikuwa na maana gani.

Baada ya chakula simu ililia. Shoga yake.

"Nimepata nyumba ya wageni, ile kubwa ya barabarani. Wanataka mashuka yafuatwe kuanzia Jumatatu. Unakuja?"

"Ninakuja."

"Usiniambie ninakuja kwa sauti hiyo. Kuna kijana ana pikipiki ya matairi matatu, ananisumbua kila siku. Nakungoja wewe, lakini mashuka hayangoji."

Shangazi alikata simu akatazama meza. Rundo la nguo za kesho lilikuwa limeshafika, juu kabisa suruali ya kazi ya kaka. Akajiona Jumapili ikipita, gari likiwa limekaa mbele ya duka la vioo na watu wakijitazamia nywele pembeni yake, na yeye hapa, na suruali. Akajiuliza kitu kimoja tu: nini kinauma zaidi. Halikuwa swali gumu. Kilichomtisha ni jibu.

Asubuhi alikuwa wa kwanza gereji.

"Fundi, funga mlango."

Kobe akachomoza kichwa chini ya gari la mtu. "Mlango upi?"

"Huo wa bati. Nataka kukuonyesha kitu. Lakini ukicheka, naondoka, na hutaniona tena hapa."

Fundi alitoka mzima mzima chini ya gari, hata miguu, jambo lisilotokea mara nyingi. Akajifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu. "Mama," akasema kwa adabu, "mimi nina mke."

"Tulia. Ni miguu."

Mlango ukafungwa. Shangazi akakaa juu ya tairi, akafungua kifungo, akavuta. Kiatu kilitoka kwa mlio kama kizibo. Akavuta cha pili. Vidole vilikaa hivyo hivyo vimebanana kwa muda, kama havijaamini, halafu kimoja kikasogea, kingine kikasogea, na miguu ikajitandaza sakafuni, mikubwa, mipana, yenye alama nyekundu kila mahali mshono ulipopita. Alitazama ukuta. Alingoja.

Fundi aliitazama kwa makini kama anavyotazama injini. Hakucheka.

"Hii yote ilikuwa humo ndani?"

"Yote."

"Kwa hiyo mimi siku zote hizi nimelitengenezea ganda. Yai lenyewe sijaliona."

Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na Shangazi akanyanyua kiatu akitaka kuvaa, lakini fundi akainua mkono kumzuia. "Sikucheki wewe. Najicheka mimi. Fundi mzima, ndevu hizi, siku mbili nimevaa viatu vya kike mikononi, mtaa mzima unapita. Yule wa lori aliniuliza kama nyumbani kwema. Na bure. Ungeniambia tu, mama."

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba hivyo viatu ni vya uongo."

Shangazi akatazama vile viatu pale sakafuni, vidogo, vimelegea midomo, na neno lile likamchekesha. Alianza kwa pua, akaishia kwa tumbo, mpaka fundi naye akashindwa kujizuia. Walicheka kwa sauti hata muuza mbao akagonga ukuta kuuliza kulikoni.

Siku hiyo Kobe alivunja mtindo wake. Alimkalisha Shangazi kitini, miguu mitupu, naye akalala pembeni huku mlango wa gari ukiwa wazi, akaizungumzisha miguu kama watu. "Wewe wa kushoto, nani kakutuma huko? Rudi. Kulia, kanyaga. Polepole. Sasa acha." Alichora unyayo wake kwa chaki juu ya boksi, akalikata, akalitumia kupima wakati Shangazi amepumzika. Klachi aliisogeza kushoto mpaka ukutani. Kwenye breki alichomelea bamba dogo la chuma, ikainuka, ikawa juu kuliko ya mafuta, ili mguu ukitua hapo, pedali ile nyingine isiguswe hata ukitaka. Na Shangazi, ambaye miaka yote alikanyaga pedali kupitia ngozi ya kiatu na ganzi ya vidole, alisikia chuma baridi chini ya wayo, akasikia breki inavyoanza kushika, mahali gani hasa, kama unavyosikia pasi inavyopata joto.

Walizunguka stoo ya mbao. "Breki," fundi akasema. Gari likasimama kimya, kama limelazwa.

"Tena."

Likasimama tena.

"Na Jumapili utavaa nini? Viatu vya kukutosha sokoni ni vya kiume, tena vya kuagiza."

"Nitakwenda hivi hivi," Shangazi akasema, na baada ya kulisema ndipo lilipomwingia.

Jumapili uani palikuwa na watu. Kaka mkubwa alikalia kiti, wifi alisimama mlangoni, na jirani wa duka la vioo alikuwa ameshafika na futi kamba, anapima gari kutoka taa mpaka taa kuona kama litaenea. Fundi Kobe alikuwa amesimama karibu na geti ndani ya shati safi, hivi kwamba watoto hawakumjua.

Shangazi akatoka chumbani kwake, peku.

Hakutembea haraka. Vumbi la uani lilikuwa la moto kidogo na aliona ajabu jinsi lilivyokuwa laini. Maneno yalikatika moja moja.

"Kumbe Shangazi ana miguu," mtoto mmoja akasema kutoka ukutani, na mwenzake akamjibu, "Nilikwambia."

Kaka mkubwa aliinamisha shingo kutazama. "Hee," akasema. "Makasia bado yapo."

Mtu mmoja akacheka kidogo. Shangazi alisimama akangoja lile neno limchome kama lilivyomchoma sebuleni zamani. Lilikuja, lakini lilikuwa limechoka njiani.

"Yapo, kaka. Yamekua. Hili la kulia ndilo la breki."

Akaingia ndani ya gari, akawasha, akamwomba jirani atoe futi kamba yake. Alitoka getini polepole, akaenda mpaka mwisho wa mtaa wakalisikia linabadilisha gia, akarudi kwa mwendo uliowafanya watoto wasimame wima juu ya ukuta. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya viatu vya jirani, na pale, bila kunguruma, bila kutetemeka, gari likasimama. Jirani alitazama chini. Akakunja futi kamba yake taratibu, akaitia mfukoni.

"Hapa sina changu," akasema.

Fundi Kobe aligeuka kutazama ukuta, akajikuna pua kwa muda mrefu.

Kaka mkubwa alinyanyuka. Uso wake haukuwa na kinyongo, ila kama wa mtu aliyesoma mita mara mbili na kupata namba ileile. "Nilisema ukiliendesha ni lako. Ni lako. Zima, tuingie tunywe chai."

Shangazi hakuzima. Aliliacha likiunguruma, akashuka, akaingia chumbani, akatoka na furushi lililokuwa limefungwa tangu usiku. Akaliweka kwenye kiti cha pili.

"Hiyo nini?" kaka akauliza.

"Nguo zangu. Nakwenda kwa shoga yangu, yule wa hotelini. Ana duka la udobi, nami nitabeba mashuka."

"Leo?"

"Kazi inaanza kesho."

"Unarudi lini?"

"Sirudi, kaka. Nitakuja kuwasalimu, lakini kukaa sirudi."

Kaka mkubwa alifungua mdomo. Kitu cha kwanza kilichopata njia kilikuwa hiki: "Na nguo zangu za kazi?"

Wifi akacheka pale mlangoni mpaka akajishika kwenye fremu. "Pasi iko juu ya kabati, baba. Ukichomeka ukutani inapata moto yenyewe." Halafu akaja akamkumbatia Shangazi, na sikioni akamwambia, "Nenda, wifi yangu, kabla hajaanza kutafuta soksi." Watoto wakashuka ukutani wakapewa mkono mmoja mmoja. Kaka mkubwa alikuwa wa mwisho. Alimshika dada yake bega, akaling'ang'ania zaidi ya kawaida yake, akasema tu, "Haya. Mdogo wetu angependa kuona hivi."

"Angependa," Shangazi akasema, akaingia kwenye usukani.

Likatoka getini. Kaka mkubwa alifuata mpaka nje, akasimama katikati ya barabara, viganja juu ya macho kuzuia jua, akilisindikiza kwa kutazama. Moyoni alikuwa bado ana uhakika kidogo kwamba dada atarudi. Kule mwisho wa mtaa, ukipinda kushoto unazunguka nyumba zile na kutokea hapahapa tena. Gari jekundu lilipunguza mwendo, breki ikawaka taa zake mbili. Likapinda kulia.